Uso Uliopigiwa Kura

Wardenburn, Jumanne, 19 Aprili 1949

Nimefika. Treni imechelewa, sanduku langu la rangi limefunguka kituoni, na mirija ya rangi nyekundu imebingirika hadi miguuni mwa mzee mmoja mwenye kofia bapa. Aliiokota mmoja mmoja, kisha akanitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye yule wa mapazia," akasema.

Ndiye mimi, Hester Lorimer. Mwaka juzi niliandika gazetini kwamba mabango ya hariri ya vyama vya wachimbaji makaa yamechorwa kama mapazia ya sebuleni kwa shangazi. Safu yangu ya sanaa husomwa na watu wa mrengo wa kushoto, nao ni hodari wa kukasirika, kwa hiyo barua zilimiminika. Fupi kuliko zote ilitoka hapa: Bango letu limechanika. Kama unajua sana, njoo uchore wewe. Aliyeiandika ndiye huyu mzee wa kofia, Cuthbert Heslop, mwenyekiti wa tawi la chama hapa kijijini na mpiga ngoma kubwa wa bendi. Nimekuja kwa kiburi, sikatai. Nimekuja pia kwa sababu miaka yote nimewahubiria wachoraji wenzangu wachore kwa ajili ya wafanyakazi, na mimi mwenyewe sijawahi kuombwa picha na mfanyakazi hata mmoja.

Bango linatakiwa Julai, siku ya Mkutano Mkubwa, matawi yote yanapoandamana mjini Durham na bendi zao. Litakuwa la kwanza tangu migodi iwe mali ya umma. Lisipokuwa tayari, Wardenburn watabeba miti mitupu mbele ya mkoa mzima, nami sitaandika tena neno juu ya kazi ya mtu bila kuchekwa.

Nimepangiwa chumba kwa Bi Dora Gowland na mumewe Jos. Chumba kina joto, godoro lina mabonde.

Jumatano, 20 Aprili

Baada ya chai Bi Dora alikwenda dirishani, akafuta kioo kwa aproni, akatazama nje kitambo. "Leo hakunyeshi," akasema. Nikaacha koti. Nimelowa mpaka soksi.

Jumatatu, 25 Aprili

Peremende zimeondolewa kwenye mgao ulioanza wakati wa vita; sasa kila mtu anunue atakavyo. Kufikia saa nne asubuhi duka la Bi Tulip lilikuwa limebaki na mitungi mitupu. Cuthbert Heslop, mwanamapinduzi wa miaka sitini na ushei, alikuwa amekaa ukutani na mfuko mzima, shavu limemvimba. Alinipa moja, baada ya kufikiri sana.

Bi Dora: hakunyeshi. Kumenyesha.

Ijumaa, 29 Aprili

Kikao cha kamati. Upande mmoja wa bango umepita bila ubishi: mnara wa mgodi na jina la tawi. Kwa upande wa pili nimependekeza mchimbaji mmoja, mkubwa, anatoka mgodini alfajiri na taa yake, anatujia. Juu yake yatakuwepo maneno waliyoyachagua wenyewe: WOTE PAMOJA. Wakapenda. Kisha mtu akauliza huyo mchimbaji atakuwa na sura ya nani, na hapo pamoja ikaisha.

"Aweke kiongozi."

"Yupi? Yule aliyetuuza, au yule aliyesinzia mkutanoni?"

"Basi amchore marehemu baba yangu."

"Baba yako alikuwa na makengeza, Norman."

"Makengeza ya heshima!"

Cuthbert akagonga meza. "Mchoraji atachagua mwenyewe. Yeye hana jamaa hapa, hana wa kumpendelea."

Nami nikaweka sharti langu. Ninachorea katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, na mlango utafungwa mpaka nimalize, mtu asichungulie. Nimeshaona watu wanavyoonyeshwa picha nusu wakaimalizia vichwani mwao kwa ubaya. Cuthbert alinikabidhi ufunguo mbele ya wote. Nilijiona mjanja kweli.

Jumanne, 3 Mei

Hariri imewambwa kwenye fremu, nami nimeipaka tabaka la mpira laini ili rangi isije ikapasuka bango likikunjwa. Ukumbi unanuka kama tairi jipya. Nilitoka kupumua, nikashuka hadi kwenye bustani za wachimbaji kando ya reli, na huko nimempata mtu wangu.

Alikuwa peke yake katika kiwanja cha mwisho, anahamishia miche ya liki, ile mboga ya jamii ya vitunguu, mtaroni kama anayelaza mtoto. Ana miaka sitini hivi. Bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Pua ndefu iliyonyooka, taya pana, na macho ya mtu asiyetazamia kutazamwa. Nikamwamkia. Hakujibu. Nikamwamkia tena. Akageuka kuangalia nyuma yake.

"Unasema na mimi, bibie?"

"Kwani kuna mwingine? Au nimeziamkia liki?"

Akacheka, kicheko kikavu kilichokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Jina lake Septimus Raine. Amekubali nimchore, ilimradi iwe ndani ya kibanda chake cha bustanini na nisimzuie kazi.

Alhamisi, 5 Mei

Bi Dora: jua. Mvua ya mawe.

Jumatano, 11 Mei

Nilidhani Septimus ni mtu wa maneno machache. Ah wapi! Ukishamfungulia bomba halifungiki. Leo ameniambia habari za liki kuanzia mbegu hadi maonyesho ya Septemba, ambako, anasema, yeye hapeleki zake. Ameuliza watu wa London wanakula nini. Ameuliza kama ni kweli ninalipwa kwa kusema picha za wengine ni mbaya.

"Ni kweli."

"Na wakizichora nzuri?"

"Silali njaa, lakini makala huwa fupi."

Akaichukua michoro yangu akaisogeza kwenye mwanga. "Masikio yangu ni makubwa hivi?"

"Ni makubwa kuliko hivyo. Nimekuhurumia."

Wakati wa chakula nilimwambia Bi Dora kwamba nimepata uso wangu, na una pua ya kupigwa chapa kwenye sarafu. Jina sitaji, ni siri. "Isiwe tu ya Cuthbert," akasema, "tutakosa nafasi ya kuandika maneno." Nampenda mama huyu. Ana ulimi kama wembe na anakata mkate kana kwamba umemkosea.

Jumapili, 22 Mei

Kuna baridi, wala si ya hewa. Bi Tulip wa dukani, aliyezoea kunipimia majani ya chai pamoja na umbea wa wiki nzima, sasa ananipimia chai peke yake. Wanawake wawili walikatiza mazungumzo nilipopita. Mezani nikamwuliza Jos, "Hivi yule mwenye kiwanja cha mwisho kule bustanini, mbona simwoni klabuni? Ni mzungumzaji mzuri sana."

Jos alikohoa, akaenda kuwatazama njiwa wake. Bi Dora aliosha sahani aliyokwisha kuiosha.

Nimeona pia kwamba watu humpita Septimus kama nguzo ya taa. Nadhani ni mpole asiyependa makundi, nao wanamheshimu kwa hilo. Watu wa huku kaskazini mwa Uingereza wana hali zao, kama hewa yao.

Jumatatu, 6 Juni

Furaha! Uso umekaa. Kuna siku mkono unajua wenyewe, na leo ilikuwa siku hiyo. Mwanga wa taa unamgusa taya kutokea chini, wa alfajiri unamgusa paji kutokea juu, na katikati yao kuna mtu. Niliimba peke yangu ukumbini, vibaya.

Nikiwa bado na moto huo nilikaa nikaandika makala ya wiki kwa pumzi moja. Nimewachapa wale wachoraji wanaotundika kazi zao kwenye majengo ya umma kisha wanawatukana wapita njia wasiozipenda. Nimeandika: "Picha ya umma ina mwenyewe, na mwenyewe si mchoraji." Nimeipenda sana sentensi hiyo.

Alhamisi, 9 Juni

Bi Dora: leo shwari, hakuna upepo. Kofia yangu iko mtoni.

Ijumaa, 17 Juni

Makala imetoka. Cuthbert ameisoma klabuni kwa sauti, na waligonga vikombe mezani kwenye ile sentensi. Ameikata gazetini akaitia ndani ya kofia.

Jumamosi, 25 Juni

Niandike upesi kabla hasira haijanipoa.

Leo bango limefunuliwa. Kijiji kizima kilikuwa ukumbini, kina mama na keki zao, bendi na vyombo vyao, Cuthbert na tai. Nilihutubia kidogo, nikajisifu kidogo, kisha nikavuta shuka.

Nilingoja makofi. Kwanza nilidhani wameduwaa kwa uzuri. Kisha nikaona wanaume wanavua kofia na kuzivaa tena, hawajui mikono waiweke wapi. Mtu akaachia bakuli likavunjika. Bi Dora, aliyekuwa mbele kabisa na sahani ya keki mkononi, aliitua kwenye kiti, taratibu, akatoka bila kumtazama mtu. Wanawake wakamfuata. Halafu wanaume, mmoja mmoja, na vyombo vya bendi havikupigwa hata kimoja.

Akabaki Cuthbert. "Nani kakwambia umchore huyo?"

"Ulisema nichague mwenyewe!"

"Nilisema." Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa. "Huyo alivunja mgomo, ndugu mchoraji. Mwaka wa ishirini na sita. Katika Wardenburn nzima ni yeye peke yake. Hakuna aliyesema naye tangu hapo. Na wewe umemsimamisha chini ya WOTE PAMOJA."

Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia, na mimi nashinda naye bustanini mchana kweupe.

"Kukwambia ni kumtaja," akasema.

Basi nikapandwa na hasira. Nikamwambia huu ni ukatili, kwamba uso ni uso, kwamba ule ndio uso bora niliopata kuuchora na siuondoi kwa ugomvi wa enzi za bibi yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jumanne mkutano wa wanachama," akasema. "Njoo uwaambie wao."

Nitawaambia. Nimeshaanza kuandika hotuba.

Jumapili, 26 Juni

Bi Dora aliniwekea mkate na chai. Nikamwomba radhi kwa kuharibu shughuli, nikaongeza, mjinga mimi, kwamba hata hivyo inanishangaza mtu mmoja kuchukiwa hivyo na watu wema.

Alikaa. Sijawahi kumwona amekaa mchana.

"Ni kaka yangu," akasema. "Tumbo moja."

Nikamtazama. Pua ndefu iliyonyooka. Taya. Nimekula meza moja na pua ile tangu Aprili, mimi ninayelipwa kwa kutazama!

"Wenye mgodi walitufungia nje ili tukubali mshahara wa kijinga," akaendelea. "Miezi saba. Nilipondaponda njegere mpaka watoto wakawa wanalia wakiziona. Niliuza kinanda cha mama. Hakuna aliyerudi kazini, hata wale wapumbavu. Kisha asubuhi moja, tumebakiza wiki mbili tushindwe sote pamoja, nikasikia viatu barabarani. Viatu vya mchimbaji mmoja. Nikaenda dirishani. Ni yeye, na polisi huku na huku."

"Alisema kwa nini?"

"Sikumwuliza. Jos alikuwa kwenye kamati, akanyimwa kazi miaka mitano. Huyo bwana hakukosa kazi hata siku moja. Sasa niambie wewe mwenye maneno mengi, ningemwuliza nini?"

Nimeichoma hotuba, kisha nimeanza nyingine.

Jumatatu, 27 Juni

Nilimkuta Septimus kibandani. Habari zilikuwa zimemfika bila kuambiwa na mtu. Alizisoma kwa jinsi watu walivyotazama pembeni, anasema kuna namna nyingi za kutazama pembeni.

Nilitaka anipe sababu. Mke mgonjwa, mtoto mwenye njaa, kitu ambacho ningekisimamia mbele ya mkutano nikawatoa machozi.

"Hapana," akasema. "Sikuoa. Sikuwa na mtoto. Nilichoka tu. Nikaamka siku hiyo nimechoka, nikaenda."

"Hivyo tu?"

"Wenzangu nao walichoka, wakabaki. Nitoe, bibie. Wana haki."

Nikakasirika naye pia, maana leo sikumwacha mtu. "Kama unajua wana haki, kwa nini ulikubali nikuchore? Ulijua vizuri bango linakwenda wapi."

Alichomoa jani moja la liki lililokauka, akalizungusha kidoleni.

"Ulikuwa unanisemesha," akasema.

Nimelia njia nzima kurudi. Kesho naingia mkutanoni nikiwa sijui niko upande wa nani.

Jumanne, 28 Juni

Klabu ilijaa hadi ngazini. Nilisimama, nikaanza na historia ya sanaa. Cuthbert aliinua mkono kwa adabu, akavua kofia, akatoa kipande cha gazeti.

"Kabla ndugu mchoraji hajaendelea. 'Picha ya umma ina mwenyewe, na mwenyewe si mchoraji.' Haya, endelea, ndugu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na nusura nimrushie glasi. Lakini nilipojiuliza ni wapi alipokosea, sikupaona. Nimewahubiria watu sentensi hiyo maisha yangu yote kwa maneno tofauti. Ilikuwa tamu nilipokuwa nawaambia wengine.

"Niliandika hivyo," nikasema. "Na sibadilishi. Mwenyewe ni nyinyi. Pigeni kura."

Mikono ikapanda yote, uso utolewe. Wa Jos ulipanda wa mwisho, nao ulipanda. Nimerudi ukumbini moja kwa moja, nikaukwangua uso ule kwa kisu kabla sijaghairi. Umebaki ukungu wa kijivu juu ya shingo.

Jumamosi, 2 Julai

Sasa kila mtu ana uso. Norman Tulip ameleta picha ya baba yake, makengeza yote. Cuthbert amepita dirishani mwangu mara tatu akiwa amenyoa ndevu, ananionyesha upande wa kulia, ambao anaamini ndio mzuri. Bi Tulip wa dukani, mama yake Norman, ameuliza kwa nini asiwe mwanamke, na kamati imeahidi kulifikiria mpaka wote wafe. Wamenichekesha, lakini mkono umegoma. Kila ninachoweka juu ya shingo ile kinatelezea mbali kama kofia ya kuazima.

Bi Dora: hakunyeshi. Kumenyesha kutwa.

Jumatatu, 4 Julai

Niliamka nikiwa nimeamua kumwambia Cuthbert sitaweza, nirudishwe London na aibu yangu. Nilikuwa nakoroga chai nikitafuta maneno. Bi Dora akaenda dirishani, akafuta kioo kwa aproni.

"Leo hakunyeshi," akasema.

Kulikuwa na giza jikoni hata sikuiona sukari. Nikainuka, nikasimama nyuma yake. Juu ya mnara wa mgodi lilikuwa wingu jeusi, zito, hata kipofu angelinusa. Bi Dora hakuwa analitazama. Alikuwa anatazama chini, barabarani, na barabarani alikuwa Septimus na ndoo yake, ameshatupita, anakwenda bustanini. Bega la kushoto limeshuka. Kola imekunjika.

Hupita hapa kila siku saa hii. Bi Dora humngoja apite kwanza, ndipo atazame.

Tangu Aprili nimelowa, nimepigwa na mvua ya mawe na nimepoteza kofia kwa kufuata utabiri wa mtu ambaye hajawahi hata mara moja kutazama mbingu.

"Unatazama nini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Hali ya hewa, Bi Dora."

Hakunifukuza. Tulisimama pale mpaka alipokunja kona. Kisha nikatoka mbio kwenda ukumbini, sikuchukua koti, na mvua ikaninyeshea vizuri tu.

Jumanne, 5 Julai

Nachora.

Jumamosi, 9 Julai

Nachora. Jos ananiletea chakula, anakiacha mlangoni, anaondoka akipiga mluzi ili nijue hakuchungulia.

Jumamosi, 16 Julai

Safari hii sikuhutubia. Nilivuta shuka, nikaenda kusimama karibu na mlango, tayari kukimbia.

Mchimbaji hatujii tena. Ametupa mgongo. Anakwenda mbele yetu na taa yake, kuelekea kule kunakopambazuka, na bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia.

Hakuna aliyevunja bakuli. Walitazama kwa muda mrefu. Niliwaona wanavyolijua lile bega mmoja baada ya mwingine. Mgongo ule wameujua kuliko nyuso za watoto wao. Kwa miaka ishirini na tatu walingoja apite ndipo watazame.

"Mwenyekiti," akasema Norman Tulip, "lile bega..."

"Wachimbaji wana mabega, Norman."

"Lakini lile..."

"Tuliupigia kura uso," akasema Cuthbert. "Uso hauko. Kumbukumbu za mkutano hazisemi lolote juu ya mgongo. Kuna mwenye hoja?"

Mtu alikohoa. Nilishika kitasa cha mlango.

"Hakuna hoja, mwenyekiti," akasema Jos.

Bi Dora alisogea mpaka pua yake karibu iguse hariri. Nilidhani atalichana.

"Kola umekosea," akasema. "Huwa inakunjika upande wa kulia. Hajawahi kuvaa kola ikakaa, tangu utoto." Akatoka zake.

Nimerekebisha kola.

Jumamosi, 23 Julai

Mkutano Mkubwa. Bi Dora alisema itanyesha sana leo, kwa hiyo nilivaa gauni la pamba, na jua limeniunguza pua.

Siwezi kuyaandika yote. Tulitoka kijijini asubuhi na mapema, Jos ameshika mti mmoja na kijana wa Cuthbert mwingine, wanaume wanne kwenye kamba, Cuthbert anapiga ngoma kama ana deni nayo. Septimus alikuwa amesimama ndani ya lango la nyumba yake, pale kwenye kona. Hakuna aliyemtazama, na yeye alitazama bango. Lilipompita alishika kichwa cha nguzo ya lango kwa mikono miwili.

Durham kulikuwa na mabango hadi macho yakachoka. Na mengi, lazima niseme, ni mazuri. Kwenye ukuta wa makumbusho yangeonekana mapazia. Barabarani, yamejaa upepo, bendi mbele na watoto chini yake, hayahitaji ruhusa ya mhakiki yeyote. Nitaliandika hilo gazetini, nami nitaanza na jina langu. Watu wa matawi mengine walituuliza kwa nini mtu wetu ametupa mgongo. "Anatuongoza," Cuthbert akawaambia, kwa uso mkavu kabisa.

Sasa la jioni. Tulishuka treni, bendi ikajipanga, tukaingia kijijini kwa mwendo wa polepole, kila mtu ameungua, ameshiba na amechangamka. Kwenye ile kona ya Septimus upepo ulitoka mtoni ghafla. Norman, mwenye kamba ya nyuma, alikuwa na bia zake kichwani; kamba ikamponyoka, ikapiga hewani. Bango likavimba, likapinda, Jos akayumba, mti unamvuta, mkanda wa kubebea mti unamkaba, anakwenda chali. Mwisho wa kamba ulianguka langoni kwa Septimus, karibu na kiatu chake. Hakuugusa. Alisimama anautazama, mikono imeinuka nusu.

"Septimus!"

Ilikuwa sauti ya Bi Dora, na nadhani waliisikia hadi Durham.

"Septimus! Shika kamba, bwege wewe! Umesimama kama kinyago, unataka Jos avunjike shingo?"

Bendi ilinyamaza yenyewe. Ngoma ya Cuthbert ikatoa mlio mmoja, umechelewa. Septimus aligeuka akaangalia nyuma yake, kuona anayeambiwa ni nani.

"Wewe! Kwani hapo kuna Septimus wangapi?"

Akaishika. Akaizungushia mkononi, akaweka lile bega chini, akavuta, na bango likanyooka. Jos akasimama sawa. Hakuna aliyesogea. Nilimwona Cuthbert anatazama kamba, anatazama mtu, anatazama maneno juu ya hariri, na taya lake linatafuna hewa.

"Mnangoja nini?" akanguruma. "Miguu inauma!" Akapiga ngoma.

Tukaenda. Septimus alitembea chini ya mgongo wake mwenyewe, analia wazi, hana mkono wa kujifutia. Bi Dora alitembea kando yake na kumgombeza kuhusu kola mpaka mlango wa klabu. Nami nililia kwa raha zangu zote, wala sikujificha.

Jumapili, 24 Julai

Nimefungasha. Treni yangu ni ya saa nane. Nilikunywa chai, Bi Dora akakata mkate, Jos akasoma gazeti, na muda wa dirishani ukafika ukapita, yeye bado yuko mezani ananung'unika juu ya bei ya nyama.

"Bi Dora," nikasema, "leo hewa ikoje?"

"Nitajuaje mimi?" akasema. "Kaangalie mwenyewe."